Ngazi Mbili za Bwana Afya

Baba yangu alikuwa bwana afya katika milima ya Usambara. Cheti chake alikipata akiwa kijana, akakitundika ukutani sebuleni, na mpaka anastaafu hakikupata mwenzake. Si kwamba alikuwa mvivu wa kusoma. Wauguzi na waganga wasaidizi walioanza kazi pamoja naye waliitwa vyuoni mara ya pili na ya tatu, wakarudi na vyeo. Juu ya bwana afya palikuwa na stashahada, na juu ya stashahada hapakuwa na kitu. Nilipohitimu shahada ya sayansi ya afya ya mazingira pale Muhimbili, nilimpelekea picha. Akaitazama kwa muda, akanirudishia na swali moja: "Mwanangu, hii walikuwa wameificha wapi?"

Nimeitafuta miaka mingi, nayo haikufichwa Tanzania. Inabidi kwanza twende Liverpool.

Mwaka 1847, mji ule wa bandari ukiwa umefurika watu waliokimbia njaa ya Ireland, halmashauri yake ilikuwa na watu watatu wa kupambana na maradhi. William Henry Duncan alikuwa daktari, akawa mganga wa kwanza wa afya wa mji katika Uingereza nzima. James Newlands alikuwa mhandisi, naye ndiye aliyejenga mtandao wa mifereji ya majitaka chini ya ardhi. Wa tatu aliitwa Thomas Fresh, mkaguzi wa kero: mtu wa kuingia mahandakini walimolala maskini, kunusa, kuandika na kuwapeleka wakaidi mahakamani. Kazi ilikuwa moja na ikagawanywa kwa haki kabisa. Lakini ukisoma vitabu vya historia ya afya, Duncan utamkuta kila mahali, Newlands hapa na pale, na Fresh kwa shida.

Mgawanyo ule wa heshima ukageuka kuwa mgawanyo wa elimu. Mwaka 1871 Chuo cha Trinity cha Dublin kilianza kutoa stashahada ya tiba ya dola, yaani afya ya jamii, na Cambridge ikafuata mwaka 1875. Zilikuwa za madaktari tu. Mwaka 1876 ikaanzishwa London taasisi ya mambo ya usafi, na mwaka uliofuata ikaanza kuwatahini wakaguzi na kuwapa vyeti. Tangu hapo pakawa na ngazi mbili zilizosimama ukuta mmoja. Moja ilianzia chuo kikuu na kufika kwenye meza ya maamuzi. Nyingine ilianzia mtaroni na kuishia mtaroni. Aliyepanda ya pili, hata awe hodari namna gani, hakuwa na mahali pa kuvukia aende ya kwanza.

Nasema hivi nikijua kwamba ujuzi wenyewe wa afya ya jamii haukuwahi kuwa mali ya madaktari peke yao. Edwin Chadwick, ambaye ripoti yake ya mwaka 1842 kuhusu hali za makazi ya wafanyakazi ndiyo iliyozaa sheria ya kwanza ya afya ya jamii ya Uingereza mwaka 1848, alikuwa mwanasheria. Kila mwanafunzi wa fani yetu anamjua John Snow, daktari aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad Street, London, kilitoka kwenye pampu ya maji. Wachache wanamjua Henry Whitehead, kasisi kijana wa parokia ile, aliyeanza uchunguzi akitaka kumpinga Snow. Kwa kuwa alizijua nyumba zote na watu wake, aliwarudia wafiwa mlango kwa mlango, mpaka akaipata nyumba namba 40, alimougua mtoto mchanga ambaye nepi zake zilifuliwa na maji yake kumwagwa kwenye shimo lililovujia kisima. Snow alikuwa na wazo. Aliyeleta ushahidi wa mgonjwa wa kwanza ni mtu aliyekaribishwa ndani na kuketishwa.

Na sisi tulikuwa na mtu wetu wa namna hiyo, ingawa jina lake halitajwi sana madarasani. James Christie alikuwa daktari wa Sultani wa Zanzibar kipindupindu kilipopiga kisiwa mwaka 1869 na 1870. Watu wengi wangesema ugonjwa umeshuka na jahazi, kama kawaida ya maradhi ya bandarini. Christie hakukubali kusema kabla ya kuuliza. Aliwahoji wafanyabiashara, viongozi wa misafara na wapagazi: mlipita wapi, mlikuta nani anaumwa, mwezi gani? Kwa majibu yao akaichora njia ya ugonjwa kutoka pande za Bahari ya Shamu, ukishuka bara kupitia nchi ya Wamasai hadi pwani ya Pangani, kisha ukavuka maji kuingia mjini. Mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya safari hiyo. Ukikisoma unaona wazi kwamba nusu ya elimu yake ni midomo ya wapagazi. Na dawa ya kweli ya Zanzibar haikutoka hospitali. Sayyid Barghash, aliyerithi kiti mwaka 1870 mji ukiwa umetoka msibani, ndiye aliyevuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, watu wakaacha kutegemea visima vilivyochimbwa ubavuni mwa makaburi na vyoo.

Bara mambo yalikwenda kwa mkono mwingine. Nairobi mwaka 1902 tauni ilipoonekana katika soko la Wahindi, soko zima lilitiwa moto. Dar es Salaam Wajerumani walianza mwaka 1901 kupima damu za watu na kugawa kwinini kwa njia aliyoibuni Robert Koch, ambaye alikuwa amekaa pwani hii miaka michache kabla. Waingereza waliofuata waliugawa mji kwa kanda: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na kuendelea. Kati ya Waafrika na wengine wakaacha uwanja wazi, ndiyo Mnazi Mmoja, kwa hoja kwamba mbu aliyemuuma Mwafrika asifike kwa Mzungu. Anayepumzika leo chini ya miti ya Mnazi Mmoja amekaa juu ya sera ya afya.

Mkaguzi wa usafi Mwafrika alizaliwa ndani ya mpango huo. Alifundishwa kupekua mapipa, makopo na mitaro, kutafuta viluwiluwi, kuandika jina la mwenye nyumba na kumtoza faini. Kazi yake ilikuwa kuulinda mji dhidi ya watu wake mwenyewe. Ndiyo maana hadi utoto wangu mama zetu walikuwa wakisikia pikipiki ya bwana afya wanakimbilia kufagia uwanja na kufunika mitungi, kama vile anayekuja ni askari. Baba aliichukia hali hiyo, lakini aliirithi pamoja na magwanda.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Atlantiki, ukuta kati ya ngazi hizo mbili ulikuwa umeanza kupasuka, na kilichoupasua ni choo. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 za kufuta safura katika majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako maskini waliotembea pekupeku kwenye ardhi iliyojaa kinyesi walikuwa wakinyonywa damu na minyoo. Aliyepewa kuongoza kazi hiyo, Wickliffe Rose, alikuwa mwalimu wa falsafa. Alizunguka majimbo 11 na kuona kwamba dawa inamtoa mtu minyoo mwezi huu, na asipokuwa na choo anairudisha mwezi ujao. Akaona pia kwamba hakuna chuo kinachofundisha watu wa kuifanya kazi hiyo maisha yao yote. Ripoti aliyoiandaa mwaka 1915 pamoja na Dakta William Welch ndiyo iliyozaa shule ya Johns Hopkins mwaka 1916, mjini Baltimore: shule iliyokuwa ndani ya chuo kikuu lakini nje ya skuli ya tiba, iliyowapokea pia wasio madaktari. Maana ya afya ya jamii ambayo hadi leo wanafunzi wetu wanaikariri, kwamba ni sayansi na ufundi wa kuzuia maradhi na kurefusha maisha kwa juhudi za jamii iliyojipanga, iliandikwa mwaka 1920 na Charles-Edward Winslow wa Yale, mtaalamu wa bakteria ambaye naye hakuwa daktari. Nilipolijua hilo nilimpigia simu baba usiku ule ule.

Kwetu ilibidi kusubiri. Dar es Salaam ilipata skuli yake ya tiba mwaka 1963, ikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na shabaha ilikuwa moja: nchi ipate madaktari. Nani angelaumu? Uhuru ulitukuta na madaktari wazalendo wa kuhesabika kwa vidole. Mabwana afya waliendelea kutengenezwa vyuoni kwa cheti. Lakini miaka michache baadaye likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo chuo kikuu cha kwanza cha afya ya jamii nchini, ingawa halikuwa na jengo.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Watanzania wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu kwa sauti na anayejua kusoma, kisha wakajadiliana na kukubaliana watafanya nini kabla ya wiki ijayo. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000. Wiki moja ni malaria, nyingine kichocho, nyingine safura, kuhara damu, kifua kikuu, maji. Mama yangu aliongoza kikundi chini ya mwarobaini wa shule, na kitabu chake bado ninacho, jalada limeshaota madoa ya mafuta ya taa. Anasema tofauti aliiona kwa macho. Kabla ya hapo bwana afya akisema "chimba choo", watu waliuliza faini ni kiasi gani. Baada ya hapo waliuliza kina chake, na kwa nini kikae mbali na kisima.

Hayo maswali mawili yana uzito kuliko yanavyosikika. Baba alikuwa na namna yake ya kukagua choo, na aliwahi kunionyesha nikiwa darasa la sita. Hakuanza na choo, alianza na njia ya kwendea. Majani yakiwa yamesimama njiani, choo hicho ni cha bwana afya, hakuna anayekitumia. Kisha anatazama mlangoni: utando wa buibui ukiwa umekingama kutoka mwimo hadi mwimo, hakuna haja ya kuingia. Wakati wa operesheni ya kuwakusanya watu vijijini, na tena kipindupindu kilipoingia kwa nguvu mwaka 1977 na 1978, vyoo vya namna hiyo vilichimbwa kwa amri katika wilaya nyingi, vikawa mahali pa kuhifadhia majembe. Choo kilichochimbwa na kikundi cha redio kilikuwa na njia iliyokanyagika.

Katika miaka hiyo ya sabini, huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, watafiti wa maabara ya Blair nao walikuwa wakiwaza choo cha mwanakijiji. Walichobuni ni rahisi kukieleza. Chumba kinakuwa na giza, bomba refu linatoka shimoni hadi juu ya paa, na mdomo wa bomba umefungwa wavu. Upepo ukipita juu unavuta harufu kupitia bombani, si kupitia chumbani. Nzi aliyezaliwa shimoni anafuata mwanga, na mwanga pekee uko juu ya bomba, hivyo anapanda, anakutana na wavu, anafia hapo. Ukiweka dirisha kubwa chumbani umeharibu kila kitu. Nimeona vyoo vingi vya shule vilivyojengwa kwa fedha nzuri, vyenye bomba na wavu, na madirisha mapana pande zote mbili, kwa kuwa fundi alipewa mchoro na hakuna aliyemweleza giza lina kazi gani.

Mwaka 1980 tauni iliingia Lushoto, milimani kwetu Usambara, ikawa inarudi mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo nilipomwona baba akiwa katika ukamilifu wa kazi yake. Panya walianza kuanguka darini na kufa, kisha watu wakashikwa na homa na mitoki ya kinena. Vijana walitaka kuwafukuza panya kwa marungu na mitego mara moja. Baba alikwenda kwa mzee wa kitongoji, akamwamkia, akakaa chini, akamweleza: "Mzee, shikilia vijana wako. Tuanze na viroboto, panya wafuate." Timu yake ikapita nyumba kwa nyumba ikinyunyiza unga wa dawa sakafuni, kwenye matundu ya panya na chini ya vitanda, maana viroboto ndio wanaobeba ugonjwa, na panya akifa kabla ya viroboto wake, viroboto wenye njaa wanamhamia mtu aliyelala karibu. Familia nyingi zililala sakafuni. Kumuua panya kwanza kungeongeza makaburi.

Alilijua hilo bila kulisoma kwenye jarida lolote. Alifundishwa chuoni kama kanuni na akalithibitisha milimani. Ila taarifa zake za kila mwezi zilikuwa na safu tatu: nyumba zilizokaguliwa, nyumba zilizonyunyizwa, kesi zilizofikishwa mahakamani. Hakukuwa na safu ya kuandika anachofikiri, wala fomu iliyomtaka alinganishe kitongoji kilichonyunyizwa na kile ambacho hakijafikiwa. Watafiti wa tauni walikuja, wakamtumia kama mwenyeji wa kuwaonyesha njia, wakaondoka na damu za panya. Sina chuki nao. Kazi yao imeokoa watu. Lakini kila nikisoma maandiko ya tauni ya Lushoto ninajua kuna mtu aliyekuwa na nusu ya majibu na hakupewa lugha ya kuyaandika.

Lugha hiyo ndiyo shahada. Muhimbili ilipokua, kutoka kitivo hadi chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya mwaka 1991, na chuo kikuu kamili mwaka 2007, afya ya jamii nayo ilitoka kwenye kona ya skuli ya tiba ikapata nyumba yake. Wahitimu wa cheti na stashahada kutoka Mpwapwa, Ngudu, Kagemu na kwingineko wakapata mahali pa kwenda. Darasani kwetu tulikuwa watu wazima wengi, wengine na vitambulisho vya kazi vya miaka kumi na mitano. Sheria, ukaguzi wa nyama, usafi wa majengo, hayo tuliyafahamu kuliko baadhi ya walimu. Kilichotukalisha usiku ni epidemiolojia na takwimu: kiwango badala ya idadi, mgonjwa kulinganishwa na asiyeumwa, grafu ya siku dalili zilipoanza.

Sikuelewa thamani yake mpaka kipindupindu kilipoifikia wilaya niliyokuwa nikifanyia kazi. Nchi ilikuwa na kumbukumbu mbaya. Mwaka 1997 peke yake kiliwapata watu 40,249 na kuwaua 2,231. Mwaka 2015 kilianza tena Dar es Salaam mwezi Agosti, kikasambaa, hata Rais Magufuli akaifuta sherehe ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba na kuigeuza siku ya usafi nchi nzima. Wilayani kwetu wagonjwa walikuwa wengi karibu na soko. Kikao kilikaa na uamuzi ulikuwa umeshaiva: wafungiwe mama lishe. Ndivyo tulivyofanya siku zote, na ndivyo mkaguzi wa mwaka 1930 angefanya.

Niliomba siku moja. Tulipita na orodha, mimi na maafisa afya wa kata, tukamuuliza kila mgonjwa au ndugu yake: dalili zilianza siku gani, ulikula wapi, maji ya kunywa mlipata wapi. Kisha, na hapa ndipo shahada ilipofanya kazi, tukaenda kwa majirani wao wasioumwa tukauliza maswali yale yale. Waliokula kwa mama lishe walikuwa pande zote mbili, kwa uwiano usiotofautiana sana. Kilichotofautisha ni maji: nyumba za wagonjwa zilinunua madumu kutoka mikokoteni iliyojaza kwenye kisima kimoja, na majirani wao wengi walichota bombani. Niliirudisha kikaoni karatasi moja yenye jedwali la visanduku vinne. Mganga mkuu aliisoma, akauliza maswali mawili, kisha akasema tuhamishie klorini pale mikokoteni inapojazia na kuwaacha mama lishe wapike, wachemshe na wanawishe wateja. Wanawake wale walikuwa wakisomesha watoto kwa ule uji na chapati. Kuwafungia kungewanyang'anya riziki na kuacha kisima wazi.

Yule mganga alinisikiliza kwa sababu nilizungumza kwa lugha ya ngazi yake. Ningekuja na hisia ya miaka mingi kazini, kama baba, ningeambiwa asante na magenge yangefungwa mchana ule.

Sheria ya mwaka 2007 ya usajili wa wataalamu wa afya ya mazingira ilitupa baraza letu na leseni zetu, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ikakusanya mamlaka ya ukaguzi mahali pamoja. Hayo ni mafanikio makubwa na ninayathamini. Bado kiti cha mganga mkuu wa wilaya ni cha daktari, na afisa afya anakaa kwenye timu yake. Sidai tukinyakue. Ninachodai kila mara, kwenye vikao na kwa yeyote anayenisikiliza, ni kwamba wenye cheti walioko kwenye kata wasiachwe huko chini sasa kwa kuwa sisi wachache tumeshapanda. Vijana wanaoingia shahada moja kwa moja kutoka kidato cha sita ni wazuri na wana akili kali, ila wengi wao hawajawahi kuuona utando wa buibui mlangoni mwa choo. Nafasi za masomo kazini zigawanywe ili wakae darasa moja.

Wawili niliofanya nao kazi kwenye kata wamepata nafasi mwaka huu, kwa barua ya mwajiri na nusu ya ada. Mmoja ameniuliza anunue kikokotoo cha aina gani. Nimemwambia achukue chenye vitufe vya takwimu, na aanze kukizoea kabla hajaripoti, kwa sababu somo hilo halimsubiri mtu.